Upande Uliotazama Ukuta

Pesaro, 9 Oktoba 1989

Baba mkubwa Ottavio,

Shikamoo. Huku tumeamka wazima sote, isipokuwa magoti ya mama, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu. Anauliza kama bado unakula ule mchuzi wenu wa dagaa na vitunguu saumu, maana anawaonea huruma majirani zako. Mume wangu Sauro bado anafundisha hesabu shuleni na bado hawezi kubadilisha balbu.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulinijibu "Hatununui kitu, asante," ukakata. Basi nimechukua kalamu.

Kilichonikalisha chini ni hiki. Wiki iliyopita lori lilishusha gari gerejini kwangu. Tangu baba afariki, miaka mitatu sasa, wateja wake wa magari ya zamani wameendelea kuja, wengine kwa imani, wengine kuona kama mwanamke anaweza kushika nyundo. Gari hili ni kupee ya milango miwili ya Bertolazzo ya mwaka 1953, iliyojengwa juu ya chasisi ya Lancia. Chini ya kiti cha dereva imegongwa namba 41. Nilipoiona nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Ni karakana mliyofanyia kazi wewe na baba, na ni mwaka wa mwisho wa baba kuwa Torino kabla hajahamia huku.

Mwenye gari ni Dokta Zavagli, daktari wa meno. Anataka liwe tayari kwa maonyesho ya mwezi Mei, hapa hapa kwenye uwanja wa mji. Sasa shida yenyewe: madigadi ya mbele ya kulia iko chini kuliko ya kushoto kwa milimita kumi na nne. Ukisimama mbele ya gari unaona kama linakukonyeza. Dokta anasema liligongwa zamani likanyooshwa ovyo, na anataka nilisawazishe. Huyu ni mtu anayeishi kwa kunyoosha meno ya watu, Baba mkubwa. Hawezi kulala akijua ana kitu kilichopinda.

Kabla sijakata chuma cha watu, niambie. Kuna mchoro wowote uliobaki? Lilitoka kwenu hivi, au liligongwa barabarani? Nikishakata, siwezi kurudisha.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mwanao,
Delfina


Torino, 27 Oktoba 1989

Mwanangu Delfina,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Herufi zako zinasimama wima kama za baba yako, na yeye alikuwa anaandikia mkono wa kushoto. Mwambie mama yako kwamba majirani zangu ndio wanaoniletea hivyo vitunguu. Loredana anakuja kila Jumapili kutoka Novara, ananipikia, ananifokea kuhusu vumbi, anaondoka. Mtoto wa kike akikufokea ujue bado anakuhitaji. Mama yako mkubwa Agnese angekuwa hai tungefokewa wote wawili.

Unauliza mchoro. Hakuna mchoro, na nitakueleza kwa nini, maana ninyi wa siku hizi mnadhani kila kitu kilikuwa na karatasi yake.

Mzee Bertolazzo wa kwanza alianza mwaka 1908 akitengeneza magari ya farasi kwa madaktari na mawakili. Injini zilipokuja, hakubadilisha sana: badala ya farasi akaletewa chasisi yenye magurudumu na usukani, na yeye akaivalisha. Ndivyo kazi yetu ilivyokuwa, kuvalisha. Kiwanda kikubwa kilitoa mifupa, sisi tukatoa mwili. Kwanza mbao za mwaloni na ngozi, baadaye bati juu ya mbao, na nilipoingia mimi mwaka 1935, nina miaka kumi na minne, ilikuwa bati tupu na nyundo. Wakati huo mtoto wake ndiye alikuwa bwana wetu, naye ndiye mzee Bertolazzo ninayemtaja siku zote.

Mchoro ulichorwa ukutani, ukubwa wa gari lenyewe, kwa mkaa na chaki. Na sikiliza hili: ilichorwa nusu ya gari tu. Upande wa kushoto. Bwana alisema gari ni kama uso wa mtu, ukiujua upande mmoja umeujua wa pili. Kila gari lilipewa mafundi wawili, mmoja kila upande, na wa kulia alilazimika kuugeuza mchoro kichwani mwake. Kilichofanya pande mbili zilingane ni sikio, kiganja, na kigezo cha mbao kilichopitishwa mwishoni. Gari likishauzwa, ukuta ulipakwa chokaa, ikachorwa nusu nyingine.

Kwa hiyo mchoro wa namba 41 uko chini ya chokaa, na chokaa yenyewe iko chini ya duka la vigae.

Kuhusu madigadi, usijisumbue. Gari la miaka thelathini na sita limepita kwenye mikono mingi. Liligongwa. Lisawazishe, mpe daktari gari lake, ulale.

Mimi ni mzima. Masikio ndiyo hayo tu, yalianza kuniacha mwaka 1965 hivi kama ya mafundi bodi wote.

Baba yako mkubwa,
Ottavio


Pesaro, 14 Novemba 1989

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mama amecheka barua yako mpaka magoti yakamuuma zaidi. Huku bahari imechafuka na watalii wamekwisha, mji umerudi kuwa wetu. Sauro amejaribu kubadilisha balbu. Tuliishi gizani siku mbili.

Nilitaka kukutii, nilisawazishe, nilale. Lakini nimeondoa rangi yote na mambo hayaendi kama ulivyosema.

Kwanza, hakuna alama ya ajali. Hakuna puti, hakuna mshono wa kuchomelea, hakuna bati jipya. Madigadi ile ni ile ile iliyotoka Torino.

Pili, Dokta Zavagli amenipa gazeti la maonyesho ya Torino ya Aprili 1953 lenye picha moja ya gari hili, nami nikaliandikia jumba la makumbusho wakanitumia picha nne. Picha zote tano zinaonyesha upande wa kushoto. Kwenye maonyesho yenyewe magari mengine yamewekwa katikati, watu wanayazunguka. La kwenu limesogezwa pembeni, upande wake wa kulia umeelekea ukuta, hata mtu mwembamba asingepita. Nani anaweka gari jipya la kuuza namna hiyo?

Tatu, nimelala chini yake na taa. Madigadi ya kushoto ni ya baba. Ningeitambua hata gizani: mapigo ya mtu wa mkono wa kushoto yanainamia upande wa pili, na yeye aliyapanga safu kwa safu kama magamba ya samaki. Ya kulia ni ya mtu wa mkono wa kulia. Anaanza vizuri sana kutoka nyuma, karibu anafanana na baba. Halafu akifika kwenye mgongo wa madigadi nakuta alama za moto, kumi na tisa, kila moja kama kifungo cha koti. Mtu aliyevuta bati kupita kiasi akawa analirudisha kwa moto.

Mama anasema wewe na baba mlikuwa mnapewa gari moja kila mara. Nani alifanya upande wa kulia?

Delfina


Torino, 5 Desemba 1989

Mwanangu,

Marahaba. Ukungu umeingia tangu Jumatatu, sioni hata kibaraza cha mama wa jirani, na yeye hanioni, kwa hiyo nakula nikiwa nimevaa kofia. Nimekutumia keki ya njugu za milimani. Usiiweke kwenye friji, inachukia.

Kuhusu unachouliza, mafundi tulikuwa sitini, magari yalikuwa mengi, na ni zamani.

Nikueleze badala yake jinsi karakana ilivyokufa, maana baba yako alikuwa ameshaondoka na hukuelezwa. Watu husema Bertolazzo aliuawa na migomo, wengine husema wanawe walikuwa wavivu. Si kweli. Tuliuawa na sakafu. Zamani kiwanda kikubwa kilituuzia chasisi, yaani mifupa inayojitegemea, inayoweza kutembea barabarani uchi. Baadaye wakaanza kutengeneza gari ambalo sakafu, kuta na paa ni kitu kimoja kilichopigwa na mashine. Mifupa haikuwapo tena. Utamvalisha nani? Wateja wakaendelea kutupenda, ila hapakuwa na kitu cha kutuletea.

Wanawe Bertolazzo wakageukia kuchora. Wakachora kwa ajili ya Wafaransa, kwa ajili ya Wajapani, sanamu za udongo, magari ya kuonyeshwa yasiyo na injini. Kazi nzuri, siikatai. Lakini nyumba iliyokuwa na nyundo sitini ikabaki na penseli nane. Siku ya kufunga, mwaka 1978, mzee Bertolazzo aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Akavaa glavu yake ya pamba, ile aliyokuwa akipitishia juu ya kila gari kabla halijatoka, akaipitisha kwenye meza ya kazi iliyo tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Imenyooka." Tukaenda nyumbani.

Ndiyo hayo. Madigadi ile isawazishe, Delfina. Gari ni la mwenye nalo, na yeye anataka hivyo.

Krismasi njema kwenu nyote.

Ottavio


Pesaro, 4 Januari 1990

Baba mkubwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Keki ilifika imevunjika vipande viwili. Mama alisema hiyo ni ishara kwamba kimoja ni chake. Ahsante.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nililia pale penye glavu. Kisha nikaona kwamba umenieleza jinsi karakana nzima ilivyokufa ili usinieleze habari za madigadi moja.

Acha nami nikueleze. Baba alipopata kijana wa kumfundisha kazi, hakuanza na nyundo. Alimgeuzia mgongo, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akauliza: "Limechoka au bado?" Asiyejua alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa upole, na sandwichi mkononi. Mimi alinipima nikiwa na miaka tisa. Nilidhani wote hufanya hivyo. Mwaka jana niliwauliza mafundi wa Modena, wakacheka. Hakuna anayepima masikio.

Na kingine. Kwenye mazishi viti vya mbele vilikuwa vinne. Kimoja kilikuwa chako. Ulituma neno kwamba umeshikwa na kifua. Mama hakuruhusu mtu akikalie.

Sikushitaki, Baba mkubwa. Nakupenda, na wewe unajua. Lakini Dokta Zavagli ananipigia simu kila Ijumaa. Nimemwambia nitaanza kukata Alhamisi, tarehe mosi Februari. Hadi siku hiyo nangoja.

Delfina


Pesaro, 22 Januari 1990

Shikamoo Baba mkubwa. Ni kadi tu, kuona kama u mzima. Posta ya Torino inafanya kazi, nimeuliza. Alhamisi wiki ijayo ni tarehe mosi.

D.


Torino, 29 Januari 1990

Delfina,

Usikate.

Nimeituma kwa njia ya haraka. Kama imekukuta na msumeno mkononi, uweke chini kwanza usome.

Upande wa kulia ni wangu.

Nilikudanganya kuhusu mwaka 1965. Masikio yalianza kuniacha kipupwe cha 1952. Najua unajua, lakini niache nieleze, nimezoea: bati likivutwa linaimba, na sauti ikipanda unajua umebakiza mapigo machache. Ukizidisha linakufa, linatoa mlio wa boksi la karatasi. Mimi nilikuwa siusikii tena mwimbo wake. Nilikuwa nimejifunza kusoma midomo ya watu, nikawadanganya wote isipokuwa baba yako. Lakini chuma hakina midomo.

Kwenye madigadi ile nilizidisha nisijue. Nilipopitisha kiganja, bati likabonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo. Nikachukua moto nikalibana nukta kwa nukta. Kumi na tisa, umehesabu vizuri. Likakaza, ila likashuka. Celso, baba yako, akaliona. Akasimama mbele yangu ili nimwone mdomo: "Kaka, hukulisikia?" Nikamwambia nitalivua nianze upya. Kisha nikaugua homa siku nne, na siku hizo nne ndizo walizounganisha bodi na kuipaka rangi.

Nilirudi kazini siku mbili kabla ya maonyesho. Asubuhi hiyo mzee Bertolazzo akaja na kigezo chake, akapima kushoto, akapima kulia, akapima tena kulia.

"Nani amefanya huu upande?"

Agnese alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya Loredana, baada ya kupoteza mbili. Fundi bodi kiziwi angeajiriwa na nani? Nilifungua mdomo, Delfina. Naapa niliufungua. Baba yako akanitangulia.

"Mimi, bwana. Ottavio alikuwa anaumwa, nikamalizia."

"Wewe, Celso? Kushoto umetengeneza shavu la bibi harusi, kulia shavu la mtu mwenye jipu?"

"Kulia nilikuwa na njaa, bwana."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamwambia akachukue nyundo zake. Gari likapelekwa kwenye maonyesho, likasogezwa ukutani, likanunuliwa siku ya pili na mwenye kiwanda cha vitambaa ambaye hakuzunguka kuliona upande wa pili. Celso alikuwa na miaka ishirini na mitano na sifa mjini kote kwamba ndiye aliyeharibu namba 41. Hakuna karakana ya Torino iliyomtaka. Ndipo akaja huko kwenu.

Miaka miwili baadaye nikafanywa msimamizi wa mafundi. Msimamizi hashiki nyundo. Mpaka leo sijui kama mzee alinipandisha cheo au aliniondoa kwenye bati bila kuniaibisha.

Nilimwandikia baba yako barua ndefu ya kuomba radhi. Akajibu mstari mmoja: "Mtoto anaendeleaje?" Nikajibu, anaendelea vizuri. Ndivyo tulivyoandikiana miaka yote, kila Krismasi. Mtoto anaendeleaje. Mtoto anaendelea vizuri. Mtoto mwenyewe ameshaanza kupaka nywele rangi.

Na sikushikwa na kifua. Nilipanda treni ya kuja mazishini. Nikafika Bologna. Nikashuka, nikakaa kwenye benchi, nikapanda ya kurudi. Ningewezaje kukaa kwenye kiti cha mbele?

Nilikuambia usawazishe kwa sababu nilitaka kufa nikijua ile madigadi haipo tena. Wiki hizi tatu nimeona ninachokuagiza. Ile, kwa mapigo yake ya mkono wa kulia, ndiyo pekee duniani inayoonyesha kwamba baba yako hakuharibu kitu. Ukiinyoosha, unabaki na maneno yangu, na maneno yangu umeshaona yanavyofaa.

Mwonyeshe daktari barua hii ukitaka.

Ottavio


Pesaro, 6 Februari 1990

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Barua yako ya haraka ilifika Ijumaa. Alhamisi nilikuwa nimeshaanza.

Usishtuke, sikukata. Nilitaka kwanza kuona kama naweza kuipandisha kwa nyundo na fuawe ndogo kutoka chini. Nikapandisha milimita tatu. Kisha nikagonga kwa kifundo, nikasikia mlio umekufa pale penye alama za moto. Baba alinifundisha kwamba hapo unaacha, unaenda kunywa kahawa. Nikaenda. Siku iliyofuata tarishi akaja.

Siku tatu nilikula chakula gerejini. Sauro alidhani ni ile balbu.

Halafu nikampelekea mama barua. Akaisoma huku anakoroga supu ya samaki, hakuacha kukoroga. Akasema, "Najua." Ameijua habari hii tangu alipochumbiwa, Baba mkubwa! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba yako alisema si habari yetu, ni ya Ottavio. Akitaka ataisema." Kisha akaongeza, unajua alivyo, "Na usimfanye baba yako mtakatifu. Yule hangedumu chini ya bosi yeyote miaka miwili. Bertolazzo alimwahi tu."

Sasa nikuambie nilichokasirikia. Sikukasirikia masikio yako. Kwa ajili ya Loredana nani asingelipa? Ningekuwa baba ningefanya kama yeye, na ningekuwa wewe labda ningenyamaza kama wewe. Nimekasirikia Bologna. Ulikuwa umeshafika Bologna.

Madigadi nitaiacha. Namna ya kumweleza mtu wa meno bado sijaijua.

Bado nakupenda, lakini wiki hii kidogo kidogo.

Delfina


Torino, 25 Februari 1990

Mwanangu,

Una haki kuhusu Bologna. Sina la kuongeza, na mimi unanijua huwa nina la kuongeza.

Nilimweleza Loredana Jumapili iliyopita. Alikuwa anafuta vumbi. Akaketi juu ya kile kiti nisichoruhusu mtu akikalie, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana ami Celso kila mara alikuwa ananiulizia mimi tu." Hakufuta tena vumbi siku hiyo.

Nina ombi moja. Kwenye maonyesho huwa wanaweka kadi mbele ya gari, ya kueleza limetengenezwa na nani. Sisi mafundi hatukuwahi kuandikwa. Liliandikwa jina la karakana tu. Kama daktari atakubali, andika upande upi ni wa nani. Jina langu liandike kwa herufi zile zile za Celso, zisiwe kubwa wala ndogo.

Kuja, natamani. Lakini sisikii matangazo ya stesheni, na naogopa.

Ottavio


Pesaro, 20 Aprili 1990

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mama ameanza kutembea bila fimbo, kwa hiyo anatuongoza sote tena. Sauro amepigwa marufuku kugusa umeme.

Dokta Zavagli amekubali. Nilijaribu kumweleza historia ya karakana kama wewe, tangu magari ya farasi, akaanza kuangalia saa. Basi nikamfunga macho kwa skafu yangu. Nikamvalisha glavu ya pamba, nikampitisha mkono kwenye madigadi moja, kisha nyingine. Nikamuuliza ipi mbovu. Akarudia mara tatu. Akasema, "Hii ni laini zaidi. Hapana, hii." Alipofungua macho alikuwa ameshika yako. Nikampa barua yako akaisoma amekaa kwenye ndoo ya rangi. Mwishoni akasema, "Mimi meno yangu ya chini yamepinda tangu utotoni. Sijawahi kuyagusa." Akaifungua midomo akanionyesha.

Sasa sikiliza vizuri, yaani soma vizuri. Treni ni moja tu, haibadilishwi. Inatoka Torino Ijumaa kabla ya maonyesho, saa mbili asubuhi, Loredana atakupandisha. Huhitaji kusikia tangazo lolote. Nitakuwa Pesaro nimevaa kitambaa chekundu, na mama atakuwa kando yangu akisema umechelewa.

Itasimama Bologna dakika kumi. Usishuke.

Delfina


Torino, 24 Mei 1990

Mwanangu Delfina,

Nimefika salama. Loredana alinipokea, akanusa koti langu, akasema nimekula samaki siku nne mfululizo, na ni kweli. Mwambie mama yako supu yake imenishinda maneno, na kwamba mimi sikuchelewa, ni treni.

Bologna, kwenda, nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Hapana, napita tu."

Nimeshaona maonyesho mengi maishani. Nilichokuwa sijaona ni namba 41 katikati ya uwanja, mahali pasipo na ukuta. Ulipolisukuma pale ukaliacha, nilitafuta ukuta kwa macho, kwa mazoea. Watu wakalizunguka pande zote. Wakainama kusoma kadi, nami nikawasoma midomo wakiisoma: bodi, Bertolazzo, Torino, 1953. Upande wa kushoto, Celso Vaudagna. Upande wa kulia, Ottavio Vaudagna. Milimita tatu, Delfina Vaudagna. Bwana mmoja akauliza hizo milimita tatu maana yake nini. Mama yako akamjibu, "Ni mambo ya nyumbani."

Kuna kitu kimoja sikukueleza. Ulipokuja kuniita tukale, uligonga bati kwa kifundo cha kidole kama baba yako, ukisahau kwamba mimi sisikii. Kiganja changu kilikuwa juu yake. Kikausikia mlio. Nikakuomba ugonge upande wa pili, nikazunguka, nikaweka mkono. Ya Celso inaimba mpaka kwenye kiwiko. Yangu inanong'ona tu. Lakini nilizisikia zote mbili, Delfina, na ni mara ya kwanza tangu kipupwe kile cha 1952.

Daktari amenipa ile glavu uliyomvalisha. Nimeipitisha kwenye meza ya jikoni. Imepinda kidogo upande wa dirishani, nimeiacha.

Jumapili hii Loredana anakuja na wanawe. Wewe ukienda kaburini kwa baba yako na maua ya mwezi wa tano, fika karibu, umwambie kutoka kwangu kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Baba yako mkubwa,
Ottavio